Sura ya Tisa: Pacha wa Barua ya Uhamisho

Jumatano asubuhi, chai ikiwa bado inafuka, Mkuu wa kitengo cha nyaraka alimsukumia Inspekta faili jembamba mezani.

"Rula, hebu nisaidie. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na mbili. Nimeona waliokufa wakiuza viwanja, nimeona waliokufa wakifunga ndoa. Lakini maiti wa kushika nafasi ya tatu darasani, huyu ndiye wa kwanza."

Rula lilikuwa jina alilobandikwa na wenzake, kwa sababu hakuwahi kusoma karatasi bila kuweka rula chini ya mstari, na kuishusha mstari mmoja mmoja kama mwanafunzi anayeanza. Walimcheka mwaka wa kwanza. Walipoona anakamata vya kughushi kuliko wote, jina likabaki, kicheko kikaondoka.

Alivuta kiti, akaweka rula.

Mama mmoja, mlezi wa wazee katika nchi ya mbali, alikuwa ameombewa kibali cha kuwaita watoto wake wawili, pacha wa kike. Kibali kilitoka kwa majina yote mawili, maana maombi yalipelekwa miaka mitatu iliyopita. Kilikuwa kinaisha Ijumaa hii saa sita mchana. Fomu ya pasipoti, hata hivyo, ilijazwa kwa mtoto mmoja tu anayelelewa na bibi yake, yule ambaye kila mtu alimwita Kimya. Palikuwa na cheti chake cha kuzaliwa na kadi yake ya chanjo. Palikuwa na cheti cha kifo cha pacha mwenzake, Chiriku, aliyefariki kwa homa miaka miwili na miezi mitatu iliyopita. Mpaka hapo, msiba wa kawaida.

Shida ilikuwa karatasi mbili za mwisho, zile ambazo shule ya ugenini haimpokei mtoto bila kuziona: barua ya uhamisho na ripoti ya muhula uliopita. Zote mbili zilikuwa halali, zina mhuri na sahihi. Na zote mbili zilikuwa za Chiriku. Hesabu, sabini na nane. Mahudhurio, siku zote. Chini, mwalimu alikuwa ameandika: *Mtoto mwerevu. Apunguze kuongea darasani.*

"Aliyekufa anaambiwa apunguze kuongea," Mkuu alisema. "Mimi naliona hivi. Mtoto amekufa kweli, na bibi yake amekodisha nafasi kwa mtoto wa watu. Anapelekwa mgeni nje kwa jina la marehemu, wakachanganya karatasi. Mlete bibi kituoni."

"Nipe mpaka jioni."

"Rula..."

"Mpaka jioni, Mkuu. Kibali kinaisha Ijumaa. Nikikosea leo, huyo mama hatapata mwingine."

*

Mwalimu wa darasa la nne alimpokea katika chumba cha walimu, katikati ya vilima vya madaftari. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, chaki imemwingia mpaka kwenye nyusi.

"Nimepanda nao tangu darasa la pili," alisema, huku akifungua daftari la zamani la mahudhurio. "Tazama mwenyewe."

Rula aliweka rula. Majina mawili ya pacha yalifuatana. La Chiriku liliendelea, vema baada ya vema. La Kimya lilikatwa kwa mstari mwekundu ulionyooka, na pembeni pameandikwa: *Amefariki*.

"Nani alikuambia aliyefariki ni Kimya?"

"Bibi yao alituma mtu. Ujumbe ulisema pacha mmoja ametutoka. Hakusema yupi, na mimi sikuwa na moyo wa kuuliza. Mwezi uliofuata mtoto akarudi, amekonda. Nikaita majina. Nilipofika kwa Chiriku, akasema, 'Nipo!' Nilipofika kwa Kimya, darasa zima likainama. Nikasubiri. Hakuna aliyejibu. Nikachukua kalamu nyekundu."

"Hukuomba cheti cha kifo?"

"Inspekta, ungekuwa darasani siku ile, usingeomba."

"Kanuni inasema kiombwe."

"Kanuni haikuwepo darasani."

Kengele ya mapumziko ililia. Mwalimu alimwonyesha dirishani: mtoto wa miaka kumi, sare imefifia, amesimama juu ya tofali katikati ya wenzake, mikono inaruka, anasimulia jambo na wote wameshika mbavu kwa kicheko.

"Ndiye huyo. Anaongea hata akiandika. Ukimwambia funga mdomo, anaongea kwa macho."

"Na zamani? Kabla ya msiba?"

"Hivyo hivyo. Mwenzake ndiye alikuwa hana sauti. Hata jina lake alilisema kama la kuazima."

Rula aliandika, akapiga mstari chini yake. Wazo la kwanza lilikuwa jepesi: cheti cha kifo ni karatasi ya serikali, daftari la mwalimu ni masikio ya mwalimu. Mtu yeyote angesema shule ndiyo iliyokosea. Lakini mtoto aliyekuwa juu ya tofali hakuonekana kuwa kosa la mtu.

*

Bibi alikaa chumba kimoja cha kupanga, mtaa wa nne kutoka shuleni. Alihamia pale baada ya mazishi, alisema, maana nyumba ya zamani ilikuwa na kona nyingi za kumkumbusha. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alimtazama Rula kama mtu anayetazama taa kupitia pazia.

"Karibu, mwanangu. Ukikanyaga kitu, ni begi lake. Nimelipanga mara tatu. Nikishikashika naona kama nimesahau kitu, nalifungua tena."

Rula alizungusha macho kimya kimya, kama alivyofunzwa. Kitanda kimoja. Bakuli mbili. Mswaki wa mtoto mmoja. Kwenye kamba ya dirishani, soksi jozi tatu, zote zimetoboka visigino. Hapakuwa na dalili ya mtoto wa pili.

"Soksi nyingi, bibi."

"Huyo! Anazivaa hata ndani, hata jua likiwaka. Anasema miguu inapata baridi. Nikamwambia, huko unakokwenda ndiko kwenye baridi, hapa unajizoesha bure." Bibi alicheka peke yake, kisha kicheko kikazimika. "Mmekuja kumzuia?"

"Nimekuja kuuliza. Mjukuu wako ni mtoto wa namna gani?"

"Kimya? Mwanangu, ukimweka chumbani na mtungi, utasikia mtungi kwanza. Ndiyo, bibi. Hapana, bibi. Mama yake hupiga simu kila Jumatano saa kumi na moja, anaongea yeye mwanzo mwisho, mtoto anaitika tu. Marehemu ndiye alikuwa kinywa cha nyumba. Alipoondoka yeye, nyumba ikawa bubu."

"Ripoti za shule ni nani anakusomea?"

"Nizisome kwa macho gani? Ananisomea mwenyewe alama, mimi naweka dole gumba." Alinyoosha dole gumba lake, kama shahidi.

Rula alishukuru, akatoka. Nje alifungua daftari lake dogo na kuandika maneno mawili: *Watoto wawili?* Mmoja shuleni, chiriku kweli. Mwingine nyumbani, bubu. Mkuu angefurahi. Bibi asiyeona ni mtu rahisi kudanganywa, na huenda kuna mtu aliyekuwa akibadilisha watoto kati ya lango la shule na mlango huu. Alikuwa ameshawahi kuona ubaya mkubwa kuliko huo.

Alimpigia Mkuu simu.

"Unaona?" Mkuu alisema. "Nilikuambia. Mlete."

"Bado kadi ya chanjo."

"Kadi ya chanjo ina nini?"

"Sijui. Sijaisoma bado kwa rula. Nakwenda kuilinganisha na kitabu cha kliniki."

*

Kliniki ilikuwa na harufu ya spiriti na mapazia yaliyooshwa mara nyingi. Nesi mkuu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alishusha kitabu kikubwa kilichoshonwa upya kwa uzi wa hospitali.

"Pacha nawakumbuka wote," alisema. "Wa pekee nawasahau, pacha siwasahau."

Majina yalikwenda pamoja, tarehe kwa tarehe, tone kwa tone. Polio, siku moja. Surua, siku moja. Rula aliishusha rula mpaka mwaka wa sita wa umri wao, ikasimama. Kwenye safu ya Chiriku palikuwa na sindano ya ziada: *Pepopunda. Kidonda, unyayo wa kushoto, chupa. Nyuzi nne.* Kwenye safu ya Kimya, siku hiyo, palikuwa patupu.

"Hii unaikumbuka?"

Nesi alivaa miwani, akatabasamu. "Nitaisahau vipi! Mtoto nimemlaza namshona, ananisimulia kuku wa jirani yao alivyoingia msikitini. Nyuzi nne, hakutoa chozi. Aliyelia alikuwa mwenzake, pale mlangoni. Analia bila sauti, machozi tu. Nikamwambia, wewe umekatwa wapi? Akaonyesha mguu wa dada yake."

Rula alinakili mstari ule herufi kwa herufi. Akakumbuka soksi zilizotoboka visigino.

*

Saa tisa na nusu shule ilifungua lango. Rula alisimama ng'ambo ya barabara, gazeti mkononi.

Mtoto alitoka na wenzake wanne, mdomo hautulii. Aliigiza sauti ya mwalimu mkuu. Aligombana na mmoja juu ya nani aliyeanza kusukuma, akashinda. Kwenye njia panda ya kwanza wawili walimwacha, ya pili wakamwacha wengine. "Kesho nitakumalizia!" alipiga kelele nyuma yao.

Kisha akabaki peke yake, na Rula akakaza macho, maana hapa ndipo watoto wangebadilishwa.

Hakuna mtu aliyetokea. Mtoto alitembea polepole. Alipofika kona ya mwisho, mahali ambapo mlango wa bibi unaonekana, alisimama. Akainama, akavuta soksi ya kushoto mpaka juu, kisha ya kulia. Akafuta uso kwa kiganja kutoka paji mpaka kidevu, kama mtu anayefuta ubao. Mabega yakashuka. Mtoto aliyepita kona ile alikuwa na miguu ile ile na begi lile lile, lakini Rula angeapa kwamba ni mtu mwingine.

Alikunja gazeti, akafuta maneno mawili kwenye daftari lake.

*

"Shikamoo," mtoto alisema alipogeuka mlangoni akamkuta mgeni nyuma yake. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, nami naingia."

Bibi alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya begi. "Inspekta umerudi? Kuna nini tena?"

"Dogo tu, bibi." Rula alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto. "Vua soksi ya kushoto."

Mtoto alimtazama bibi, kisha mlango, kisha bibi tena.

"Soksi?" bibi alisema. "Serikali sasa inakagua soksi?"

Mtoto aliketi sakafuni, akavua. Rula aliushika mguu kwa mikono miwili. Katikati ya unyayo, kovu jembamba lilipita kama mkia wa mjusi, na ubavuni mwake alama za nyuzi. Alihesabu kwa kidole. Nne kila upande. Nyuzi nne.

"Kovu hili ulilipata wapi?"

Nje mtu alikuwa anachota maji, ndoo inagonga bomba.

"Chupa ya soda," mtoto alisema, na sauti ilikuwa ile ya juu ya tofali. "Nyuma ya choo cha shule. Alikuwa ananifukuza, tunacheza."

Bibi aligeuza kichwa ghafla kuelekea mlangoni, kama mwenyeji aliyesikia hodi.

"Nani huyo anayeongea?"

"Mimi, bibi."

"Wewe nani?"

Mtoto alikuwa bado ameshika soksi. "Chiriku."

Bibi hakusogea. Mikono tu ndiyo iliyoanza kutafuta hewani, na mtoto akasogea akaikuta. Vidole vya kizee vilishuka kwenye goti, kwenye kifundo, kwenye unyayo, vikasimama juu ya kovu. Vilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Nilikubeba mgongoni mpaka kliniki siku hiyo," bibi alisema polepole. "Ukanipigia domo njia nzima."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini, mjukuu wangu? Kwa nini?"

"Hospitali ulikuja ukaniuliza, wewe ni nani? Nilitaka kusema, sauti haikutoka. Haikutoka kabisa, bibi. Halafu ukasema, 'Kimya wangu, umebaki wewe.' Ukanikumbatia. Nikaona nikisema mimi siye, Kimya naye atakuwa amekufa."

Rula aliuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu swali lilipaswa kuulizwa na fomu ilikuwa na nafasi yake: "Na shuleni?"

"Shuleni Mwalimu aliniita jina langu, sauti ikatoka. Kwa hiyo shuleni nikawa mimi. Nyumbani nikawa yeye." Alifikiri. "Tulikuwa tunapokezana. Wote tulikuwepo."

"Daktari aliniuliza jina la marehemu," bibi alisema, haikujulikana anamwambia nani. "Macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Walikuwa wamelala kitanda kimoja, homa moja. Miaka saba nimewajua hivyo: anayejibu ni Chiriku, asiyejibu ni Kimya. Huyu hakujibu." Akaacha mguu wa mtoto. "Basi nimemlilia aliye hai. Miaka miwili nimekwenda kaburini, nimeita jina la aliyekuwa nyumbani ananipikia uji. Na yule aliyelala pale... Mwanangu, yule hajaliliwa hata siku moja."

Rula alikuwa amekwisha kuandika maelezo mengi maishani mwake. Alishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena.

"Bibi, nisikilize," alisema. "Hakuna aliyeghushi. Shule ilikuwa sahihi, cheti cha kifo ndicho kilichokosea. Kibali kina majina yote mawili, kwa hiyo cha Chiriku kipo. Kesho saa mbili nitakuja kukuchukua, tunakwenda kwa hakimu, unaapa, nesi wa kliniki anakuja na kitabu chake. Cheti kinasahihishwa, fomu ya pasipoti inaandikwa upya. Tukienda bila kuchelewa, Ijumaa saa sita itatukuta kwenye dirisha la pasipoti."

"Hiyo karatasi ya kusahihisha, ina mahali pa kuandika kwamba hakuliliwa?"

"Haina, bibi."

"Nilijua haina."

Rula alikunjua fomu gotini, akaweka rula. *Jina sahihi la marehemu.* Aliandika jina la Kimya polepole, kwa herufi kubwa, hakuruka hata moja. Alipoinua kichwa aliona mtoto anaangalia mkono wake.

"Ukishaandika hivyo, hawezi kurudi tena?"

"Hawezi, mwanangu."

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Ndipo akalia, bila sauti, machozi tu, kama yule aliyesimama mlangoni mwa kliniki akaonyesha mguu usio wake. Bibi alimvuta, wakalia pamoja, na Rula, ambaye alikuwa na kikao cha saa kumi na moja kasorobo, aliketi sakafuni karibu na begi na hakwenda popote.

Simu ililia saa kumi na moja kamili, kama kila Jumatano.

Bibi aliipapasa, akampa mtoto. Sauti ya mwanamke ilitoka, imechoka, ina upepo nyuma yake.

"Kimya, mwanangu. Hujambo? Karatasi zimekamilika?"

Mtoto alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama bibi, akamtazama Rula. Kisha yakatoka yote kwa pamoja: "Mama shikamoo umekula? Huko kuna baridi? Mimi nimekuwa wa tatu, ningekuwa wa pili lakini kuna mtoto anaibia kwenye Sayansi, na begi bibi amelipanga mara tatu, na mama, mimi..."

Upande wa pili, hata upepo ulisimama.

"Chiriku?" mama alisema, kwa sauti ya mtu anayegusa mlango, asiyejua kama umefungwa.

"Ndiyo, mama."

Wakasikia anacheka, au analia, haikujulikana. Akaliita jina lile mara ya pili na ya tatu. Wote chumbani walijua anachofikiri, kwa sababu mama wa pacha huhesabu daima mpaka mbili.

"Na Kimya?" aliuliza. "Mpe simu Kimya."

Mtoto alishusha simu. Bibi alinyoosha mkono wake wenye dole gumba lililoweka alama kwenye ripoti zote zile.

"Lete," alisema. "Nilimzika mimi kwa jina lisilo lake. Hili nitalisema mimi."